Kupanda Mau: Historia ya Njia Zilizopita Molo

Mji wa Molo uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai watu huamka wakavaa koti, gambuti na kofia ya sufu kabla ya kwenda kukamua, na siku nyingine ukungu hauondoki shambani hadi saa nne. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini-magharibi unafika Mau Summit, kisha barabara inazidi kupanda hadi Timboroa. Ukishika kusini unapitia Keringet hadi Olenguruone, kwenye ukingo wa msitu. Upande wa Mau Narok kuna vilele vinavyozidi mita 3,000.

Miaka ya karibuni wameongezeka watu wanaopanda huku kwa hiari yao: vijana wa Nakuru na Nairobi wenye mabegi mgongoni na fimbo za kutembelea, na madereva wa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, wanaotafuta matope makusudi. Nawapenda watu hawa, kwa kuwa wanaijua nchi yao kwa kuikanyaga. Lakini njia wanazozipita hazikuanza nao. Karibu kila moja ilifunguliwa na mtu aliyepanda Mau kwa sababu ya kazi, biashara, amri au kufukuzwa, na historia ya safari za milima hii haieleweki mpaka mtu huyo atajwe.

Njia za asali

Wenye njia za kwanza tunazozijua ni Waogiek. Msitu wa Mau hauchanui wote kwa wakati mmoja: miti ya chini hutoa maua msimu wake, ya katikati msimu wake, na ile ya juu kwenye baridi kali hufuata baadaye. Kwa hiyo eneo la kila ukoo lilikuwa ukanda mrefu, ulioanzia penye nyasi bondeni ukapanda hadi juu kabisa, ili watu wafuate nyuki kadiri maua yalivyohama. Mwaka wa Mwogiek ulikuwa safari ya kupanda na kushuka mlima.

Mzinga wenyewe ulikuwa gogo, mara nyingi la mtarakwa, lililopasuliwa, likachongwa uwazi ndani, kisha likafungwa tena na kutundikwa juu mtini. Mrinaji alipanda na mfuko wa ngozi na kijinga kinachofuka moshi, akawapulizia nyuki, akakata masega kwa mkono, huku amejishika kwa miguu juu sana ya ardhi. Mabegani alivaa joho la ngozi za perere zilizoshonwa pamoja, vazi lililoweza kuizuia baridi ya Mau. Asali ilishuka hadi kwa Wamaasai wa bondeni, wakaitumia kutengeneza pombe ya sherehe zao, na Waogiek wakapata mifugo na chuma. Vijia hivyo vya kubebea asali ndivyo vilivyounganisha pande mbili za mlima kabla ya ramani yoyote kuchorwa.

1883–1896: Mizigo kichwani

Misafara ya pwani ilikuwa ikitafuta pembe za ndovu katika nchi za Baringo kabla ya Mzungu yeyote kufika huko. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alitumwa na chama cha kijiografia cha London akatafute njia ya mkato kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Vitabu vingi husema alifungua njia. Kweli ni kwamba alipita salama sehemu kubwa kwa kuambatana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekwisha kuizoea nchi hiyo, akijua hongo ipi hutolewa wapi na maji yako mwendo wa siku ngapi. Miaka minne baadaye Kimemeta huyohuyo alisafiri na Count Teleki wa Austria-Hungaria kuelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Wageni wawili walipata sifa Ulaya kwa elimu ya mtu mmoja wa pwani.

Baada ya Thomson, njia ya Naivasha, Nakuru, Eldama Ravine na kuvuka Mau hadi kwa Mumia, mtawala wa Wawanga, ikawa njia kuu ya kwenda Uganda. Mpagazi alibeba karibu kilo 30 kichwani au begani, pamoja na sufuria yake na mkeka wake. Mtu aliyezaliwa Pangani au Mombasa alijikuta amelala kwenye baridi ambayo kwao haipo, amejifunika shuka ya pamba, na kuni zimelowa. Katika masimulizi ya kusisimua ya enzi hizo majina ya wapagazi hayaonekani, ila pale mmoja anapokufa au kutoroka.

Mwaka 1895 Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alianza kutengeneza barabara ya magari ya maksai kutoka Kibwezi kuelekea mpaka wa Busia. Ilipitia Ravine na kuvuka mgongo wa Mau karibu na Timboroa. Novemba ya mwaka huohuo msafara mkubwa wa wapagazi, wengi wao Wakikuyu, uliokuwa ukirudi kutoka Ravine ulikorofishana na Wamaasai katika Bonde la Kedong, na zaidi ya watu 500 wakauawa. Watu hao walikuwa wamepeleka chakula juu mlimani ili ngome ya serikali isife njaa. Serikali ilipochunguza, ilikiri kwamba watu wa msafara ndio waliowachokoza Wamaasai. Jambo moja lilikuwa wazi kwa watawala: kulisha vituo vya mlimani kwa vichwa vya watu kuligharimu maisha mengi mno.

1896–1901: Chuma kinapanda

Reli ndiyo iliyobadilisha yote. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Nakuru mwaka uliofuata. Mpango wa awali, uliotokana na upimaji wa Kapteni Macdonald wa 1891 na 1892, ulifuata njia ya misafara kupitia Ravine. Baadaye wapimaji walirudi mlimani, wakakuta kwamba reli ingeweza kupanda moja kwa moja kupitia Njoro, kuvuka kilele cha Mau, na kuteremka Bonde la Nyando hadi ziwani. Njia hiyo ilikuwa fupi zaidi. Uamuzi huo mmoja ndio uliozaa Molo. Ravine, iliyokuwa na ngome, soko na sifa, ikabaki pembeni, na mahali palipokuwa msitu na malisho pakawa na stesheni.

Kupanda hakukuwa na shida kubwa kama kuteremka. Kilele cha Mau kiko zaidi ya mita 2,500, na upande wa magharibi mlima umekatwakatwa na makorongo ya mito inayoshuka kwenda Nyando. Ilibidi kujengwa madaraja 27 ya chuma. Vyuma vyake viliagizwa kutoka Marekani, vikasafirishwa kwa meli hadi Kilindini, vikapandishwa mlimani kwa reli hiyohiyo, na kuunganishwa juu ya makorongo huku mvua ikinyesha na udongo ukiporomoka. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa mikataba walikuwa karibu 32,000 katika ujenzi wote wa reli, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Watu hukumbuka simba wa Tsavo. Wengi zaidi walimalizwa na malaria, kuhara na ajali.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuvuka Mau akiwa amekaa.

1902–1939: Walowezi, maksai na magari ya kwanza

Hadi mwaka 1902 sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo ikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, na mara serikali ikaanza kutafuta walowezi wa kuilipia reli. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa, na msitu ukatangazwa mali ya serikali, kana kwamba Waogiek hawakuwamo.

Mwaka 1908 Makaburu wapatao 250 kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na van Rensburg, waliondoka Nakuru na magari ya maksai zaidi ya 40 kwenda kuishi Uasin Gishu. Leo basi humaliza safari hiyo kwa saa tatu hivi. Wao walitoka mwezi wa Agosti wakafika Oktoba. Walikata miti wakajenga njia, wakatandaza magogo na mianzi juu ya vinamasi vya Timboroa, na palipozama gari waliunganisha jozi nyingi za maksai ili kulinasua. Katika historia ya mlima huu sijui safari nyingine ya magari iliyokuwa ngumu kuliko hiyo, na natamani ingetajwa daima pamoja na nchi waliyoiendea: uwanda ambako Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamefukuzwa katika vita vya karne ya 19, na ambako Wanandi waliolisha mifugo yao walikuwa wameshindwa kwa bunduki miaka mitatu tu kabla ya hapo.

Reli ya pili ilifuata njia iyo hiyo baada ya vita vikuu vya kwanza, ikafika Eldoret mwaka 1924. Kilele chake Timboroa kina urefu wa mita 2,785, cha juu kuliko reli nyingine zote za milki ya Waingereza. Mwaka 1931 ilipofika Kampala ndiyo ikawa reli kuu, nayo ya Molo ikageuka tawi la kwenda Kisumu. Mara ya pili mhandisi akawa ameamua bahati ya mji kwa kuchora mstari.

Molo ya walowezi ikawa nchi ya kondoo, farasi na, tangu miaka ya thelathini, pareto. Magari yalikuwa machache na barabara zilikuwa udongo mtupu. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alikuwa akifundisha farasi wa mashindano Molo katika miaka ya ishirini, na ni huko barabarani, akiwa juu ya farasi wake, alipomkuta Tom Campbell Black amesimama na gari lililoharibika. Mwanamume huyo baadaye ndiye aliyemfundisha kuendesha ndege. Mwaka 1936 Beryl alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada.

Kazi za shamba na za barabara zilifanywa na maskwota, wengi wao Wakikuyu na Wakipsigis, waliopewa kipande cha kulima kama malipo ya jasho lao. Mtu mweusi kupanda Mau wakati huo kulihitaji kibali mkononi.

1941–1963: Olenguruone na gari jipya

Mwaka 1941 serikali ilifungua makazi ya Olenguruone, juu kabisa upande wa kusini wa Molo, kwa Wakikuyu waliokuwa wamefukuzwa kwingine. Walidhani wamepewa ardhi yao. Serikali ikawaambia ni wapangaji tu, tena lazima wafuate kanuni zake za kilimo. Walikataa, wakala kiapo cha umoja pamoja na wanawake na watoto wao, na kiapo hicho kikaenea mashambani kote Bonde la Ufa. Kati ya 1948 na 1950 mazao yao yaliharibiwa, nyumba zikachomwa, wakapakiwa kwenye malori wakateremshwa mlimani, wengi hadi Yatta, kwenye joto na ukame. Ukitaka kujua uasi wa Mau Mau ulitoka wapi, usiiache barabara hiyo ya Olenguruone. Ni barabara nzuri kwa mtembezi wa leo: majani chai, ukungu, na msitu upande mmoja.

Miaka hiyohiyo kuna gari lililokuja kubadilisha safari za milima. Wakati wa vita vikuu vya pili askari walikuwa wamezoea jeep za Marekani. Mwaka 1948 Waingereza wakatoa Land Rover, bati lake la aluminiamu, springi ngumu, na gia ndogo ya kupandia. Maofisa wa wilaya, polisi, madaktari wa mifugo na walowezi waliling'ang'ania mara moja. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya Mau Mau, lilibeba askari kuingia msituni. Kwa wakulima wengi wa Mau, gari hilo la kwanza kuonekana kijijini lilikuja kukamata mtu.

1953–2002: Rali kwenye matope

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, madereva wa Kenya walianzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutoka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi yalifanyika wikendi ya Pasaka, wakati masika yanaanza, na njia zake zilipanda Mau na milima ya Nandi, ambako udongo mwekundu ukilowa huteleza hata kwa mtu aliye pekupeku. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili alishinda Nick Nowicki na Peugeot 404.

Jina ninalotaka kulisimamia hapa ni la Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, ng'ambo tu ya Mau ukitoka Molo, katika familia ya fundi wa magari. Alikua akifungua bolti. Kabla ya kuwa dereva maarufu alikuwa mfanyakazi wa doria wa chama cha wenye magari, kazi ya kuwanasua watu waliokwama barabarani, kwa hiyo aliyajua matope ya nchi hii kuliko wageni wote waliokuja na magari ya kiwanda. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo kuukuu, lililokwisha kukimbia katika Safari iliyotangulia. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19, na hesabu hiyo yanistaajabisha kuliko ushindi wenyewe. Watu walimwita Simba.

Pembeni mwa barabara ndipo wanakijiji walipoingia katika historia ya rali. Gari la rali likizama, walijitokeza wanaume na vijana, wakalisukuma magoti yakiwa kwenye tope, dereva akaondoka bila kujua majina yao. Watoto wa Mau walijifunza majina ya akina Joginder na Shekhar Mehta, mshindi mara tano, kabla ya kujifunza ya mawaziri. Rali ilitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002. Iliporudi mwaka 2021 ikafanyikia Naivasha na kandokando yake, katika vumbi la bondeni, kwa mizunguko mifupi. Najua sababu: usalama, televisheni, gharama. Lakini Safari isiyopanda Mau ni shindano jingine.

Baada ya 1963: Land Rover ya viazi

Walowezi walipoondoka, mashamba makubwa yaligawanywa kupitia miradi ya makazi na kampuni za kununua ardhi. Magari yao yakauzwa pia. Land Rover iliyokuwa ya polisi au ya mlowezi ikawa ya mkulima wa viazi, wa maziwa au wa kabichi. Msimu wa mvua, lori haliwezi kufika shambani Keringet wala Kuresoi. Land Rover inafungwa minyororo kwenye magurudumu, inapakiwa magunia hadi kioo cha nyuma hakionekani, inashuka kwa gia ndogo hadi kando ya lami, na hapo ndipo lori linaposubiri. Utingo hutembea mbele kwa miguu akipima kina cha tope kwa fimbo. Fundi wa mjini hulifungua gari la miaka hamsini, akalichongea kipuri kisichouzwa tena, likarudi kazini kesho yake.

Barabara hizohizo zimebeba mambo mazito. Katika mapigano ya kikabila ya 1992, ya 1997 na ya mwanzoni mwa 2008 watu walikimbia kwa malori na kwa miguu, vitanda na kuku juu ya mizigo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye mteremko wa barabara kuu karibu na Molo, likalipuka wakati watu wakichota, na zaidi ya mia moja wakafa. Madereva waliopita hapo miaka hiyo hupunguza mwendo hadi leo.

Mwaka 2024 wenye Land Rover waliandaa tamasha Nakuru, yakakusanyika mamia ya magari, mengi yakiwa na alama za tope la kazi. Oktoba mwaka huohuo Watanzania wakajibu kwa tamasha kubwa zaidi Arusha. Mtu wa mjini aliona gari la kizamani linalopendeza. Mkulima aliyelileta alilihitaji Jumatatu.

Tangu 2009: Watembezi wanaingia msituni

Msitu wa Mau una hekta karibu 400,000 na ndiko inakotoka mito kama Mara, Sondu, Njoro na Molo, huu wa mwisho ukitiririka kaskazini hadi Ziwa Baringo. Mwaka 2009 jopo la serikali lilitoa ripoti kuhusu uharibifu wake, na kufukuzwa kwa watu kukaanza upya. Upande wa mashariki, shirika la Rhino Ark lilimaliza mwaka 2014 uzio wa umeme kuzunguka msitu wa Eburu. Shirika hilo hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka Rhino Charge, shindano lililoanza 1989, ambapo magari hupita porini pasipo barabara na mshindi ni aliyefika vituo vyote 13 kwa kusafiri umbali mfupi kuliko wenzake. Winchi, majabali na ngozi iliyoungua kwa jua vikageuka nyaya za kulinda msitu. Napongeza hilo.

Siku hizi makundi ya watembezi hupanda Eburu na Mlima Londiani, na hutembea ukingoni mwa Menengai. Treni ya abiria ya Kisumu ilirejea Desemba 2021, ikipita Molo tena baada ya miaka kadhaa ya kimya. Mwishoni mwa 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, kwa hiyo mgeni atafika mlimani mapema zaidi, na mkulima wa Keringet bado atafunga minyororo ili afike kwenye barabara hiyo.

Wenye njia za asali walikwenda mahakamani. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa Mau, na kwamba wao si chanzo cha uharibifu wa msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85, wapewe hati za pamoja za ardhi ya mababu zao, na washauriwe kabla ya mradi wowote kuanzishwa humo. Novemba 2023, huko Sasimwani upande wa Narok, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, na familia zikashuka mlimani na vitu vyao mgongoni, kwa vijia walivyovikata wenyewe.